Nyumba Moja, Majina Mawili: Mali ya Pamoja katika Nchi Jirani Baada ya Talaka na Kifo

Miongoni mwa wasikilizaji wa Kiswahili wanaoishi hapa Uganda wamo wenye nyumba Mombasa, kiwanja Mwanza, au shamba walilonunua pamoja na wenzi wao walipokuwa wakifanya kazi nchi jirani. Mali hizo aghalabu hupatikana kwa jasho la mume na mke, na majina yao yote mawili huandikwa katika hati. Ndoa ikidumu, hati hukaa sandukuni wala hakuna anayeiulizia. Maswali huanza siku ndoa inapovunjika, na huwa mazito zaidi iwapo mmoja wao anafariki dunia kabla mali haijagawanywa.

Makala haya yanaeleza mali ya namna hiyo hushughulikiwaje, hasa nchini Kenya na Tanzania. Jambo la msingi ni hili: talaka huvunja ndoa, lakini haifuti jina katika daftari la ardhi. Jina hubaki pale pale mpaka wenye mali waende kulibadilisha katika nchi ilipo mali hiyo. Wasipofanya hivyo wakiwa hai, daftari ndilo litakalosema kwa niaba yao watakapokuwa hawapo, na huenda likasema jambo ambalo hawakulikusudia.

Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo

Ardhi na majengo huitwa mali isiyohamishika, na kwa kanuni inayofuatwa karibu kila mahali, mali hiyo hutawaliwa na sheria ya nchi ilipo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinasema kwamba urithi wa mali isiyohamishika iliyoko Kenya utafuata sheria ya Kenya, hata kama marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu katika nchi nyingine. Mali inayohamishika, kama vile fedha zilizo benki, gari au hisa za kampuni, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu aliifanya kuwa makazi yake ya kudumu. Sheria ya Urithi ya Uganda nayo ina kanuni hiyohiyo.

Maana yake ni kwamba mtu mmoja aweza kurithiwa kwa sheria mbili kwa wakati mmoja. Akifariki mkazi wa Kampala mwenye akaunti ya benki Kampala na nyumba Kisumu, akaunti itagawanywa kwa sheria ya Uganda na nyumba itagawanywa kwa sheria ya Kenya. Amri ya mahakama ya Kampala haitoshi peke yake kumfanya Msajili wa Ardhi wa Kisumu abadilishe daftari lake.

Wapo wanaodhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuondoa mipaka hiyo. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaeleza katika kifungu chake cha 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi utaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama.

Namna mbili za kumiliki kwa majina mawili

Watu wawili wanaweza kuandikwa katika hati moja kwa namna mbili, na tofauti kati ya namna hizo ndiyo huamua nani apate nyumba mmoja wao akifa. Wanunuzi wengi hawaambiwi, au huambiwa kwa haraka siku ya kutia saini.

Namna ya kwanza ni umiliki usiogawanyika. Hapa hakuna mwenye sehemu yake. Wote wawili kwa pamoja ni kama mwenye mali mmoja. Mmoja akifa, mali yote hubaki kwa aliye hai. Haiingii katika urithi wa marehemu, wala wasia wa marehemu hauwezi kuigusa. Aliye hai hupeleka uthibitisho wa kifo kwa Msajili, na Msajili hufuta jina la marehemu. Nchini Kenya utaratibu huo umo katika kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012.

Namna ya pili ni umiliki wa hisa. Hapa kila mmoja ana sehemu yake inayojulikana: nusu kwa nusu, au theluthi kwa theluthi mbili, kama walivyokubaliana. Mmoja akifa, hisa yake huingia katika urithi wake na kuwaendea warithi wake, si mwenye hisa mwenzake.

Sheria ya Kenya ya 2012 imeweka mpaka muhimu katika kifungu cha 91: tangu ilipoanza kutumika, umiliki usiogawanyika waweza kuundwa baina ya wanandoa tu, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Ndugu wawili au wafanyabiashara wawili wakiandika hivyo bila idhini, watahesabiwa kuwa wenye hisa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ina kanuni inayofanana na hiyo katika kifungu cha 159. Kwa hiyo namna hii ya umiliki imefungamana na ndoa tangu mwanzo wake, na hapo ndipo talaka inapoleta utata.

Talaka haigusi daftari

Tuchukulie mfano. Mume na mke wakazi wa Jinja walinunua nyumba ya ghorofani huko Nyali, Mombasa. Hati iliandikwa kwa umiliki usiogawanyika. Baada ya miaka kadhaa wakaachana kwa amri ya mahakama ya Uganda. Walielewana kwa mdomo kwamba nyumba wataiuza baadaye na kugawana fedha, ila bei ikawa haijaridhisha, na mwaka ukaenda. Mume akaoa mke mwingine na kupata watoto wawili. Kisha akafariki.

Katika daftari la Mombasa hakuna kilichobadilika. Majina ni yale yale mawili, na namna ya umiliki ni ile ile. Mtalaka wake anaweza kwenda kwa Msajili na uthibitisho wa kifo na kuomba abaki mwenye mali peke yake. Mjane na watoto wadogo, ambao huenda walikuwa wakitegemea kodi ya nyumba hiyo, watalazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa na haki yake iliyotengana na ya mtalaka wake. Watabeba mzigo wa ushahidi, na shahidi wao mkuu amekwisha kuzikwa.

Mambo yangeweza kugeuka upande wa pili vilevile. Lau mtalaka ndiye aliyetangulia kufa, watoto wake aliowalea peke yake wangekuta nyumba aliyoichangia mama yao imehamia kwa baba na familia yake mpya. Umiliki usiogawanyika haumpendelei mwanamume wala mwanamke. Humpendelea anayebaki hai.

Kama hati hiyo ingeandikwa kwa hisa, nusu kwa nusu, mtalaka angebaki na nusu yake, na nusu ya marehemu ingewaendea mjane na watoto wake wote. Hapa ieleweke wazi: talaka humwondoa mwenzi katika orodha ya warithi, lakini haiwaondoi watoto. Watoto wa ndoa ya kwanza na wa ndoa ya pili wote ni watoto wa marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, pale ambapo hakuna wasia wala mwenzi aliyebaki, watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume.

Mahakama hugawanyaje mali ya wanandoa

Talaka ikiisha kutolewa, au hata kabla haijatolewa, mmoja wa wanandoa aweza kuiomba mahakama itamke nani ana haki gani katika mali. Majirani zetu hawafanani katika jambo hili.

Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa na kuandikwa kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa ni yao kwa haki sawa, mpaka mmoja wao athibitishe vinginevyo. Kifungu cha 7 kinafungamanisha mgawo na mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani vyote vimetajwa katika sheria. Hata hivyo, mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja; kila upande lazima uonyeshe mchango wake.

Tanzania Bara hufuata Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, ikizingatia michango ya fedha, mali na kazi, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo. Na baada ya kuzingatia hayo, ielemee kwenye mgawo ulio sawa. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango. Zanzibar ina sheria zake, kwani ardhi si jambo la Muungano. Mwenye nyumba Unguja au Pemba asiongozwe na sheria za Bara.

Kwa upande wa Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba ndoa peke yake haiifanyi kila mali ya mmoja kuwa ya wote wawili. Hukumu hiyo inahusu mali iliyoko hapa. Nyumba iliyoko Mombasa itapimwa kwa sheria ya Kenya.

Sheria za ndoa za Kenya na Tanzania zinatambua talaka iliyotolewa na mahakama ya nchi nyingine, kwa masharti. Lakini kutambua kwamba ndoa imevunjika si sawa na kubadilisha hati. Kama wanandoa walikubaliana kuhusu nyumba, makubaliano hayo yaandikwe, na hati ya uhamisho isajiliwe huko iliko nyumba. Kama hawakukubaliana, shauri la mali lifunguliwe mbele ya mahakama ya nchi hiyo.

Kifo kinapotangulia hukumu

Hutokea mara nyingine kwamba mmoja anafariki wakati kesi ya talaka ingali mahakamani. Hapo kesi ya talaka huisha, kwa kuwa ndoa imekwisha kuvunjwa na kifo. Aliyebaki si mtalaka bali ni mjane au mgane, na ana haki zote za urithi za mjane au mgane, hata kama wawili hao walikuwa hawasemezani kwa miaka kumi. Ndugu wa marehemu hupata tabu kulikubali jambo hili, lakini sheria huangalia kama ndoa ilikuwapo siku ya kifo.

Madai ya mali ni jambo jingine. Hayo yanaweza kuendelea dhidi ya wasimamizi wa mali ya marehemu, au kuendelezwa na wao kwa niaba yake. Nchini Kenya, kanuni za mashauri ya madai hutoa mwaka mmoja wa kumweka msimamizi katika nafasi ya marehemu. Muda huo ukipita bila maombi, shauri hufifia na kufa. Familia iliyo mbali, ikiomboleza na kungoja arubaini ipite, hukaribia kupoteza muda huo bila kujua.

Iwapo talaka ilikwisha kutolewa na hukumu ya mgawo ikatolewa, lakini hati haikuhamishwa kabla ya kifo, hukumu hiyo haipotei. Huwa ni dai dhidi ya mali ya marehemu, na nakala yake iliyothibitishwa na mahakama ndiyo nguzo ya mwenye haki. Itunzwe vizuri.

Hatua za mirathi nje ya nchi

Marehemu akiwa na hisa katika nyumba ya nchi jirani, warithi hawawezi kuiuza wala kuigawa kwa makubaliano ya kifamilia tu. Lazima pawepo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kenya huchukulia jambo hili kwa uzito: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaharamisha kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Warithi wana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba hati ya usimamizi moja kwa moja katika mahakama ya nchi ilipo nyumba. Nchini Kenya ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili wenye pingamizi wajitokeze ndani ya siku 30, na kwa kawaida hati hiyo huidhinishwa kwa ajili ya mgawo baada ya miezi 6. Nchini Tanzania, ombi huambatana na muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi. Msimamizi aliyeteuliwa chini ya sheria ya usimamizi wa mirathi hutakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6, na hesabu kamili ndani ya mwaka mmoja.

Njia ya pili huwafaa waliokwisha kupata hati ya usimamizi katika nchi yao. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinaruhusu hati iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola kupelekwa mahakamani Kenya na kugongewa muhuri, kisha ikawa na nguvu kama iliyotolewa huko. Tanzania nayo ina utaratibu wa namna hiyo kupitia Mahakama Kuu. Uganda imo katika Jumuiya ya Madola, na kwa hiyo njia hii iko wazi kwa wasikilizaji wetu. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazimo.

Kabla ya yote hayo, kifo kisajiliwe. Aliyefariki Uganda hupatiwa cheti na Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA. Aliyefariki Tanzania Bara huandikishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Nyaraka zitakazovuka mpaka, yaani cheti cha kifo, cheti cha ndoa na amri ya talaka, huhitaji kuthibitishwa, na zilizo katika lugha nyingine hutafsiriwa na mtafsiri anayekubalika mahakamani.

Jambo moja huwaponza wengi. Yule aliyepewa hati ya uwakilishi, yaani idhini ya maandishi ya kusimamia au kuuza mali kwa niaba ya mwenyewe, hupoteza mamlaka hayo siku mwenyewe anapofariki. Shemeji aliyeachiwa hati hiyo miaka mitano iliyopita hana ruhusa ya kuuza baada ya mazishi, hata akiwa na nia njema na hata kama karatasi yake ina mihuri yote.

Mirathi ya Waislamu na suala la eda

Kwa familia za Kiislamu kuna mambo ya ziada. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na Mahakama za Kadhi, zilizotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza masuala ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Hapa tarehe ya talaka na tarehe ya kifo hupimwa kwa eda. Mume akifariki wakati mke yumo katika eda ya talaka rejea, mke huyo bado anahesabiwa kuwa mke, na anarithi. Eda ikiisha bila kurejewa, hakuna kurithiana. Kwa hiyo siku chache zaweza kumpa au kumnyima mtu fungu lake, na talaka isiyoandikwa wala kusajiliwa huzua ushindani mkubwa juu ya siku hizo. Mke anayerithi hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Deni la mahari ambalo halijalipwa hutolewa kabla ya mgawo, kama madeni mengine.

Umiliki usiogawanyika hauendi sambamba na mafungu ya mirathi, kwa kuwa humpa mmoja mali yote na kuwaacha wenye mafungu mikono mitupu. Familia ya Kiislamu inayotaka mirathi igawanywe kwa mafungu yake ingefaa iandike hati kwa hisa tangu siku ya kununua.

Uraia wa mwenye jina

Talaka na kifo huweza pia kufichua suala la uraia. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya kinasema kwamba asiye raia atamiliki ardhi kwa ukodishwaji tu, usiozidi miaka 99. Raia wa Uganda ni asiye raia kwa maana hiyo, hata akiwa ameoa au kuolewa Kenya, maadamu hajapata uraia. Ardhi ya kilimo ina vikwazo zaidi chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi.

Tanzania ni kali zaidi. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kugawiwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa sababu hiyo wanandoa wa nchi mbili mara nyingine huandika nyumba kwa jina la aliye raia pekee. Ndoa ikivunjika, yule mwingine hana jina katika hati, na kinachobaki ni ushahidi wa mchango wake: stakabadhi za benki, mikataba na fundi, risiti za saruji na mabati. Vitu hivyo visitupwe, kwani mahakama inaweza kutambua mchango ingawa jina halimo.

Kongo, Rwanda na Burundi

Nchi za upande wa magharibi na kusini mwa Uganda zilirithi mfumo mwingine wa sheria, ule wa Ulaya bara. Huko swali la kwanza si hati inasemaje, bali wanandoa walichagua mpango gani wa mali walipofunga ndoa. Kongo na Rwanda zina mipango mitatu: mali zote kuwa za pamoja, zile tu walizochuma ndani ya ndoa kuwa za pamoja, au kila mmoja na zake. Mpango huo hufuatwa talaka ikitokea na kifo kikitokea. Cheti cha ndoa cha Bunia au Kigali kwa hiyo ni waraka wa mali pia, si wa ndoa peke yake.

Nchini Kongo, sheria ya ardhi ya 1973 inaihesabu ardhi yote kuwa ya dola. Raia hupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, na mgeni hupewa haki ya muda, ambayo huweza kuongezwa.

Yafaayo kufanywa wakati wote wawili wangali hai

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mali ya majina mawili, daftari lenyewe lisiporekebishwa linaweza kuipoteza. Hatua zifuatazo hazihitaji utajiri, ila zahitaji kufanywa mapema.

Kwanza, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya nchi husika ujue hati yako inasema umiliki wa namna gani. Usitegemee kumbukumbu ya siku ya kununua.

Pili, mkitengana, gawanyeni umiliki huo kwa hisa hata kama hamjaamua kuuza. Nchini Kenya waraka wa kuugawanya hutiwa saini na wote wawili na kusajiliwa. Mmoja akikataa, mwingine aende mahakamani. Uingereza, ambako baadhi ya jamaa zetu wana nyumba, mmoja peke yake anaweza kuutenganisha kwa kumpelekea mwenzake taarifa ya maandishi chini ya sheria ya 1925. Usidhani kwamba ya huko yanatumika huku.

Tatu, shauri likiwa mahakamani na ukiogopa mali kuuzwa, omba zuio liandikwe katika daftari, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la kaveti. Linaweza kumzuia Msajili asipokee uhamisho mpaka wewe usikilizwe.

Nne, angalia wasia wako upya. Nchini Kenya, kuoa au kuolewa hubatilisha wasia uliotangulia, isipokuwa ule ulioandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Lakini talaka haimo katika mambo yanayoubatilisha. Aliyemwandikia mkewe nyumba, wakaachana, naye asiuandike wasia upya, ameuacha wasia wa zamani ukingoja siku yake. Mwenye mali katika nchi mbili aweza kuandika wasia wa kila nchi, ila ahakikishe kwamba wa pili hautangui wa kwanza kwa maneno ya jumla.

Tano, ulizia kodi kabla ya kuhamisha. Kenya hutoza asilimia 15 ya faida inayotokana na kuuza nyumba au ardhi tangu Januari 2023, lakini uhamisho baina ya wanandoa wa zamani unaofanywa kama sehemu ya mapatano ya talaka umesamehewa. Wakingoja miaka kisha wauziane kama watu wa kawaida, msamaha huo unaweza kuwaponyoka. Vilevile, kama nyumba ina mkopo wa benki, benki ishirikishwe, kwa kuwa talaka haimwondoi mtu katika deni alilolitia saini.

Sita, waambie watoto wakubwa au mtu mwaminifu mali iko wapi, hati iko wapi, na nani amekuwa akilipa kodi ya ardhi. Warithi walio Kampala hawawezi kudai nyumba ya Tanga wasiyojua kwamba ipo.

Kila familia ina mambo yake, na makala haya hayachukui nafasi ya wakili aliyesajiliwa katika nchi ilipo mali. Anayekwenda kwa wakili huyo achukue nakala ya hati, matokeo ya upekuzi, cheti cha ndoa, amri ya talaka iliyothibitishwa, na cheti cha kifo kama kipo. Swali lake la kwanza liwe fupi: jina langu limeandikwa vipi, na nikifa kesho, nyumba hii itakwenda kwa nani?